Nyumba ya Fungate, Njia ya Matembwe

Gesti ya kwanza niliyoingia Makambako, binti wa mapokezi aliniuliza bila kuinua macho kwenye simu yake, "Bibi, ni kulala au kupumzika?"

Nikamwambia nitapumzika nikifa. Nataka kuona chumba cha watu wawili waliooana.

Hapo akainua macho. Akaangalia mabuti yangu ya mvua, akaangalia nyuma yangu kama kuna mzee amebaki nje anafunga baiskeli. "Na babu yuko wapi?"

"Babu yuko kaburini mwaka wa ishirini huu. Chumba ni cha mjukuu wangu."

"Ahaa." Akamwita mwenzake aliyekuwa anafua mashuka uani. "We, njoo! Kuna bibi anatafuta chumba cha mahaba!" Wakacheka mpaka yule wa uani akashika ukuta. Majina yao ninayo, yule wa mapokezi na yule wa mashuka, maana niliwauliza kabla sijatoka, na jina nikishaambiwa halinitoki tena. Lakini humu sitaandika jina la mtu. Watu wenyewe bado wapo, na mmoja wao nilimkosea.

Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo, na kioo kilichopigiliwa juu sana, labda kwa ajili ya madereva warefu. Dirisha linatazama yadi ya malori. Lori moja liliwashwa nikiwa nimesimama pale, glasi iliyokuwa juu ya stuli ikatembea yenyewe. Shuka lilikuwa safi, sisemi uongo, ila lilikuwa na tundu la sigara. Niliingiza kidole nikamwonyesha binti. Akasema, "Bibi, wakizima taa hawataliona."

Nilizunguka gesti kumi na moja kwa siku mbili. Moja ilikuwa nyuma ya baa, na spika ya baa imefungwa kwenye ukuta ule ule wa kitanda. Nyingine choo kiko ng'ambo ya uwanja, bibi harusi avuke uwanja na kanga moja mbele ya wapiga debe. Nyingine ilikuwa nzuri, ina vigae na maji ya moto ya bombani, lakini bei yake ni ya watu wanaokuja na magari yao kununua mashamba ya parachichi. Mwenye gesti hiyo aliniambia bei huku ananisindikiza mlangoni, hakungoja jibu.

Nieleze jinsi kazi hii ilivyonifikia.

Mjukuu wangu alinipigia simu Januari, mvua zimekolea na mianzi imeanza kutoa ulanzi. Yeye ni fundi wa friji Dodoma. Alianza kama alivyoanza siku zote, "Mke wangu, usikasirike. Naoa."

"Unaoa mara ya pili bila kuniuliza?"

"Si ndiyo nakuuliza sasa."

"Amenizidi uzuri?"

"Ana meno yote."

Tukacheka. Kwetu bibi na mjukuu wa kiume ni mtu na mume wake, kwa maneno ya utani. Ataniambia nanuka moshi, nitamwambia hajui hata kupasua kuni, na hakuna wa kukasirika. Huyu alikuwa mume wangu kuliko wajukuu wote. Mama yake, binti yangu, alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu, na baba yake hakurudi hata kuuliza. Nikamlea mimi. Alilala kitandani kwangu mpaka alipoanza shule, akinisukuma ukutani kwa magoti yake. Mshahara wake wa kwanza alininunulia blanketi zito akasema, mume gani anamwacha mke wake apigwe na baridi ya Njombe?

Basi akaniambia anachotaka. Tajiri wake pale karakana alikuwa ameoa akaenda fungate ng'ambo, kwenye nchi ya mashamba ya zabibu, akarudi na picha. Watu wawili wamekaa barazani, mbele yao vilima, mkononi glasi za mvinyo. Mchumba wa mjukuu wangu aliiona picha ile akaiomba, akaiweka kwenye simu yake.

"Sisi hatuna hela ya kwenda hata kuiangalia ndege ikiruka," akasema. "Lakini nimemwambia kwetu kuna vilima vya namna ile, na mvinyo wa kwetu haukamuliwi, unadondoka wenyewe kutoka kwenye mwanzi. Nitafutie nyumba, mke wangu. Makambako au Njombe, popote. Baraza, vilima, ulanzi. Siku tano. Bei ya fundi."

"Si mje kwangu? Chumba chako nakifagia kila wiki."

Nilisikia friji zikiunguruma upande wake.

"Mbali kidogo na nyumbani, bibi," akasema. "Tuwe wawili tu. Mwenzangu hajawahi kulala chumba kisicho na watu wengine. Hajawahi kufunga mlango wake mwenyewe. Hicho ndicho anachokitaka, kuliko hata gauni."

Kisha akashusha sauti akaniambia kwa nini. Mchumba wake alikulia kwenye kituo cha watoto cha masista. Aliokotwa ana siku chache. Hajui mama, hajui shangazi, hajui bibi. Alilala bweni tangu kuzaliwa, na hata alipoanza kazi ya kushona alilala na wenzake watano chumba kimoja.

"Hili liwe letu, mke wangu," akasema.

"Liwe letu," nikamjibu.

Lakini nilipoweka simu, hilo la kituo sikulifikiria. Nilifikiria lile neno, mbali kidogo na nyumbani. Nilipika nalo ugali, nikalala nalo.

Harusi ilifungwa huko huko Dodoma, watu wachache. Mimi sikwenda. Nilisema mguu hauwezi safari ya basi siku nzima, na ni kweli mguu ulikuwa mbaya. Ila nilimpa nafasi ya kunibembeleza, na yeye akasema, "Sawa bibi, pumzika." Mara moja tu. Hakurudia.

Makambako iliponishinda nikaenda Njombe mjini. Huko vyumba vilikuwa na utulivu lakini vya baridi, kuta zinatoa maji, na hakuna hata kimoja chenye baraza. Nikawa nimekata tamaa. Ndipo Jumapili baada ya misa nikamweleza mjane mmoja, mwenzangu wa jumuiya. Akanisikiliza huku anasafisha miwani yake kwa kanga.

"Unahangaika bure," akasema. "Mwanangu alijenga nyumba njia ya Matembwe, akasema atakuja kupumzika kila Krismasi. Amekuja mara mbili. Nafagia panya tu."

Tukaenda kuiona. Nyumba ndogo ya matofali ya kuchoma, chumba na sebule, na baraza ya mbao. Mbele yake vilima vinashuka kimoja nyuma ya kingine, chai upande huu, misindano upande ule, ukungu umekaa katikati. Nyuma ya nyumba ndipo penye mianzi yake, mashina mengi, kila chipukizi limekatwa ncha na kufungiwa mbeta, lile kopo la mwanzi la kukingia. Mjane anagema mwenyewe, asubuhi na jioni, anakata kipande chembamba cha ncha ili ulanzi usizibe. Ulanzi wa asubuhi hiyo hiyo ni mtamu, tunauita mtogwa, hata mtoto anakunywa. Ukilala siku mbili tatu unakuwa mkali, mkangafu, na huo si wa mtoto.

Mjane alitaka sabuni, sukari, na kiasi ambacho mjukuu alikimudu bila kukopa. Kitanda kilikuwa cha futi tano, kipya, godoro bado lina nailoni. Nikakaa juu yake. Nikasema moyoni, hapa ndipo. Sijawahi kuona mahali pazuri vile pa watu wawili.

Siku tatu nilikwenda pale kuandaa. Nilitoa nailoni, nikatandika shuka zangu nilizozitunza, nikakata kuni nikazipanga karibu na jiko la ukutani. Nikaweka kwenye chupa maua meupe yale yanayoota kando ya mito. Mjane alikuwa anapita na mbeta zake, anasema, "Mjukuu wako ana bahati." Na mimi nafagia. Na kadiri nilivyofagia ndivyo nilivyozidi kuona kwamba nafagia nyumba ambayo sitakiwi niwemo.

Sasa lazima niseme desturi yetu, maana ndiyo niliyoitumia.

Kijana akimleta mke wake kwa mara ya kwanza, bibi yake anatangulia kujilaza kwenye kitanda chao. Anajifunika, anakataa kutoka. Anasema huyu ni mume wangu, wewe umetoka wapi? Bibi harusi anatakiwa amjibu. Amtukane kabisa, amwambie kizee toka, kitanda si kaburi. Amvute mguu. Wakishachoka kutukanana anamkomboa mume wake kwa zawadi ndogo, kitenge, chumvi, chochote, bibi anatoka anacheka na nje wanapiga vigelegele. Kuanzia hapo yule binti ni wa nyumbani.

Mimi nilipoolewa nilimvuta mguu bibi wa mume wangu mpaka akaanguka chini. Nilimwambia ana miguu ya kuku wa mwaka juzi. Nilimkomboa mume kwa pakiti ya chumvi, na yule bibi alinipenda mpaka anakufa.

Lakini mimi nilikuwa nimefunzwa. Somo yangu alinikalisha wiki nzima akinipa matusi ya kusema. Huyu wa Dodoma nani alimfunza? Ilikuwa kazi ya mjukuu wangu kumwandaa, na ningeweza kumkumbusha kwa simu. Nilikuwa na vocha. Sikumkumbusha.

Walifika mchana, mvua imetoka kukatika. Nilisikia bajaji ikihangaika na tope, nikavua viatu nikapanda kitandani, nikavuta blanketi mpaka kidevuni. Mjane alikuwa uani ameshika kikombe cha mtogwa, anasubiri zamu yake ya vigelegele.

Binti ndiye aliyeingia kwanza. Nilisikia anacheka sebuleni, anasema, "Jamani, kuna maua!" Akafungua mlango wa chumba. Mdogo wa umbo, nywele amesuka vizuri, sketi imerukiwa na tope. Aliponiona alishtuka, kisha akapiga goti.

"Shikamoo bibi."

"Shikamoo ya nini? Mimi ni mke mwenzio. Mke mkubwa. Mlango ni huo huo ulioingilia."

Akatabasamu. Akageuka kumtazama mume wake, aliyekuwa ameshafika mlangoni na mabegi mawili, ameachia meno yote.

"Ameanza!" akasema mjukuu wangu. "Nilikwambia bibi ana maneno. Haya, nikomboe."

"Nikukomboe vipi?"

"Mjibu tu."

Hajui. Niliona hapo hapo kwamba hajui. Mtu aliyefunzwa angeshika kiuno. Huyu alishika kamba ya pochi yake kwa mikono miwili, kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Mtu mwema angetoka kitandani, akamkumbatia, akamwambia njoo nikufundishe. Mimi nilijigeuza nikajinyoosha katikati ya kitanda.

"Mume wangu," nikasema, "haka ndiko ulikoniletea? Kamekonda hivi kataweza kubeba ndoo kupanda mlima?"

Mjukuu akacheka. Binti akacheka kidogo kwa sababu yeye amecheka.

"Na usiku anakoroma huyu," nikamwambia binti. "Mimi nimemzoea. Nimelala naye miaka. Wewe utakimbia siku ya pili."

"Bibi," akasema, taratibu, "tumesafiri tangu alfajiri. Tunaomba..."

"Tunaomba! Mmesikia? Mwanamke wa kwetu haombi kitanda chake, anavuta mguu. Vuta!" Nikautoa mguu nje ya blanketi, ule mbovu.

Akausogelea. Soksi yangu ilikuwa imeshuka. Alichofanya, aliishika soksi akaipandisha vizuri mpaka chini ya goti, akaufunika mguu. Akasema, "Pole bibi, kuna baridi."

Nimeshikwa na watu wengi maishani, manesi, wakwe, watoto wangu mwenyewe. Sikumbuki kama kuna aliyenishika kwa upole ule. Na huo upole ndio ulionipandisha hasira. Kama angenivuta nikaanguka ningempenda. Kwa nini aninyime hata ugomvi? Aje achukue mtu wangu, amweke mbali kidogo na nyumbani, na bado anipandishie soksi kama mgonjwa?

Nikasema, "Mtoto huyu hana adabu za kitandani. Nani alikulea wewe? Hukulelewa, uliokotwa."

Mjukuu wangu alikuwa bado anacheka. Si kwamba alilicheka neno hilo. Kicheko kilikuwa cha utani uliotangulia, na kilikuwa hakijapata muda wa kuisha. Lakini kilisikika juu ya neno lile, na binti alikisikia.

Hakulia. Alimgeukia mume wake akamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ulimwambia?"

"Ni bibi yangu," akasema.

"Nimeuliza kama ulimwambia."

"Nilimwambia. Lakini si kwa... Ni utani, mke wangu. Ni desturi tu, huwa wanasema."

Nilisikia alivyomwita. Mke wangu. Alimwita yeye, mimi nikiwa pale pale nimelala, na hata hapo, baada ya yote niliyoyasema, hilo ndilo lililoniuma.

Binti akaokota begi lake, akapita katikati yetu. Mjane kule uani aliposikia mlango wa mbele, alidhani nimekombolewa. Akaachia vigelegele. Vya nguvu, vya mapafu yote, vikagonga kilima cha pili vikarudi. Niliwaona kupitia dirishani. Mjane anacheza kidogo kwa mabega, anamkabidhi binti kikombe cha mtogwa kwa mikono miwili. Binti akakipokea. Akanywa wote, mpaka mwisho, bila kupumzika. Akarudisha kikombe.

"Asante mama," akasema. "Ni mtamu."

Kisha akashuka na njia kuelekea barabarani, begi kichwani, akikanyaga majani pembeni ili asiteleze.

Mjukuu alibaki mlangoni pa chumba. Sikumwogopa maishani, hata alipokuwa kijana mwenye hasira, lakini siku ile sikuthubutu kumtazama.

"Bibi, toka kitandani."

Ningeweza kusema nisamehe. Neno ni fupi, mdomo ulikuwa mzima.

"Hujanikomboa," nikamwambia.

Alikuwa na kitenge ndani ya begi, nilikuja kujua baadaye, kitenge cha wax cha rangi ya damu ya mzee, alikinunua yeye mwenyewe amkabidhi mke wake anipe. Hakukitoa. Alitoka na begi, akaanza kukimbia mteremko ule wa tope kama mtoto aliyechelewa shule, akiita jina la mke wake. Jina zuri. La mtakatifu. Masista ndio waliompa.

Walilala Makambako, nilipata habari kwa mpwa wangu anayeuza viazi stendi. Gesti gani, hakujua. Mimi nazijua zote kumi na moja, na binti usiku wake wa kwanza wa kufunga mlango wake mwenyewe aliupata katika mojawapo ya hizo. Asubuhi wakapanda basi la Dodoma. Mpwa wangu alisema walikaa kiti kimoja, na binti alikuwa dirishani, na kila mtu anatazama upande wake.

Mimi niliendelea kukaa kwenye ile nyumba. Ilikuwa imelipiwa siku tano. Nilijiambia ni dhambi kuacha moto na kuni zilizopangwa. Nilikaa barazani nikatazama vilima. Nikalala kwenye shuka zangu. Mjane aliniletea ulanzi asubuhi na jioni kama tulivyopatana, akauweka kwenye meza bila kukaa. Siku ya pili ndipo aliposema.

"Nimeambiwa ulichosema. Ulikuwa unajua kuhusu yule binti?"

"Nilijua."

"Ulijua kabla?"

"Nilijua kabla."

Akanitazama, na mimi na yeye tumeimba kwaya moja, tumezikiana waume. "Basi wewe ni mtu mbaya," akasema. "Nilidhani una mdomo tu." Akachukua mbeta tupu akaenda kugema.

Sikumaliza kunywa alichoniletea. Ulikaa mezani, na siku ya nne ulikuwa umekuwa mkangafu, unatoa povu. Nikanywa huo. Nililewa peke yangu saa nane ya mchana, bibi wa miaka sabini na zaidi, kwenye nyumba ya fungate, na nikalitukana lile godoro matusi yote niliyofunzwa na somo yangu.

Simu haikulia mpaka mahindi yalipokauka. Nilimpigia mara nyingi, hakupokea. Siku alipopiga, alianza, "Shikamoo bibi."

Nikamwambia, "Marahaba mume wangu, ulikuwa umenitupa?"

"Hali yako inaendeleaje? Mguu unasumbua?"

Akauliza mguu, akauliza mbolea, akasema atanitumia hela ya dawa. Akanitumia. Hata leo ananitumia, hakosi, kila mwezi. Majirani wananiambia nimebarikiwa mjukuu. Ananiheshimu kuliko wote. Hajanitania tena.

Mwaka uliofuata walikuja Makambako, kwenye kipaimara cha mtoto wa mpwa wangu. Hawakufika kwangu. Mpwa wangu alinitumia ujumbe kwamba wapo, na kwamba wana mtoto, wa kiume, miezi minne. Nilivaa vizuri nikapanda gari.

Nilimkuta binti amekaa kwenye mkeka jikoni na wanawake wengine, anamenya viazi. Aliponiona alinyanyuka, akafuta mikono, akapiga goti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

Akaniletea kiti, kile cha foronya nyeupe cha sebuleni, akakiweka pembeni peke yake, karibu na mlango. Akaniletea chai. Akaniuliza kama sukari inatosha. Wanawake wakasema, mkwe huyu ana adabu jamani. Nikakaa pale juu kama mgeni rasmi, wenzangu wote wako chini kwenye mkeka wanasukumana na kuchekana.

Nilijaribu. Nilimwambia, "Unamenya viazi hivyo, utabakiza nini cha kupika?" Ni utani mdogo, mtoto wa shule angeujibu.

Kisu hakikusimama. "Samahani bibi," akasema. "Nitapunguza." Na akaanza kumenya ganda jembamba zaidi.

Baadaye, wengine walipotoka kuangalia watoto wa kipaimara wanaingia, tulibaki wawili. Nilikuwa nimejiandaa tangu nyumbani, nimepanga maneno. Nikasema, "Mjukuu wangu, siku ile..."

"Bibi," akasema, "mimi nilikwishaelezwa kwamba ilikuwa desturi. Ameniandikia hata matusi ya kujibu kwenye karatasi, nikayasoma. Nikaona ni mazuri, yanachekesha." Akaweka kiazi kwenye maji. "Lakini lile neno halikuwemo kwenye karatasi. Lile ulilitoa kwingine."

Na ni kweli.

Mjukuu akaingia na mtoto begani. Akasimama kati yetu, hajui ampe nani. Binti ndiye aliyesema, "Mpe bibi amwone." Hakusema kwa ubaya wala kwa wema. Mume wake akanipakatisha mtoto, blanketi na yote.

Alikuwa mzito, ana kichwa cha binti yangu, ule upaji wa uso unaotokeza. Akanishika kidole akakivuta. Kwetu kitukuu wa kiume naye ni mume, tena ndiye mume mdogo, anatukanwa tangu siku ya kwanza: kibogoyo, huna meno, utanioa lini? Nimewaambia hivyo vitukuu wote niliopata kuwapakata, na maneno yakaja yenyewe mpaka kwenye ulimi. Nikainua macho. Binti alikuwa ameacha kumenya. Kisu mkononi, ananitazama mdomo, anasubiri kuona kitakachotoka.

"Mtoto mzuri," nikasema. "Mungu amkuze."

Nikamrudisha.